Saa Hamsini na Sahihi Moja: Leseni ya Hatua kwa Hatua kwa Kijana wa California

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wazazi na walezi wasomao Kiswahili waishio katika jimbo la California, ambao nyumbani kwao kuna kijana wa kati ya miaka 15 na 18 anayetaka kuendesha gari. Ukilimaliza utaweza kueleza hatua tatu anazopitia kijana kabla ya kupata leseni kamili, kutaja masharti ya mwaka wake wa kwanza, kuandika barua ya ruhusa pale sheria inapoikubali, na kujua ni jambo gani hasa unalolithibitisha unapotia sahihi kwenye karatasi zake. Hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

1. Kwa nini ngazi, wala si mlango

Wasomaji wetu wengi wametoka katika nchi ambako mtu hujifunza kuendesha, hufanya mtihani, na siku anapofaulu huwa dereva sawa na yule aliyeendesha miaka ishirini. Leseni huko ni mlango: uko nje, au uko ndani. Majimbo ya Marekani hayamfanyii hivyo kijana. Kwake leseni ni ngazi, na kila kidato kina muda wake na masharti yake.

Utaratibu kamili wa namna hii ulianza nchini New Zealand mwaka 1987. Nchini Marekani, jimbo la kwanza kuwa nao lilikuwa Florida, mwaka 1996. Sheria ya California ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1998, na masharti yake yakakazwa mwaka 2006. Leo kila jimbo la Marekani lina sheria ya aina hii, lakini umri, saa na masharti hutofautiana. Kwa hiyo ushauri wa ndugu anayeishi Texas au Arizona, hata ukiwa wa nia njema, huenda usifae hapa.

Sababu ya ngazi hii si dharau kwa vijana. Kwa kila maili inayoendeshwa, madereva wa miaka 16 hadi 19 huhusika katika ajali zenye vifo karibu mara tatu zaidi ya madereva wa miaka 20 na kuendelea. Kijana wa miaka 16 ana macho makali na mikono myepesi kuliko babu yake. Anachokosa ni mazoea ya kujua pa kutazama. Dereva mzoefu akiona mpira unavuka barabara hukanyaga breki kabla hajamwona mtoto anayeufuata. Akiona taa nyekundu za gari la nne mbele yake, hupunguza mwendo kabla gari lililo mbele yake halijasimama. Ujuzi huo haumo katika kitabu cha maswali ya mtihani. Hupatikana kwa saa nyingi za kuendesha, na shida ni kwamba saa hizo zinapatikana barabarani, mahali ambapo kosa moja laweza kugharimu uhai.

Sheria ya hatua kwa hatua ni jibu la shida hiyo. Inamwezesha kijana kukusanya saa zake kwanza penye hatari ndogo: mchana, na mtu mzima kando yake. Kisha usiku, bado na mtu mzima. Kisha peke yake mchana. Mwisho kabisa, usiku na pamoja na rafiki zake.

2. Hatua tatu

Hatua ya kwanza ni kibali cha kujifunzia. Kijana anaweza kukiomba katika ofisi ya DMV akiwa na miaka 15 na nusu. Mzazi au mlezi hutia sahihi kwenye ombi hilo, na kijana hufanya mtihani wa maandishi pamoja na kupimwa macho. Kibali hiki hakimpi ruhusa ya kuendesha peke yake hata kidogo, hata kwenda dukani mtaa wa pili. Aidha, hakianzi kufanya kazi mpaka aanze mafunzo ya barabarani na mwalimu wa shule ya udereva, naye mwalimu akakithibitisha.

Katika hatua hii kijana anatakiwa kukaa na kibali kwa muda usiopungua miezi 6, kupata saa 6 za mafunzo kutoka kwa mwalimu mwenye leseni ya kufundisha, na kuendesha saa 50 za mazoezi akiwa na mtu mzima. Kati ya hizo 50, saa 10 ziwe za usiku. Saa 6 za mwalimu hazihesabiwi ndani ya 50.

Hatua ya pili ni leseni ya masharti. Kijana aliyefikisha miaka 16 na kukamilisha yaliyotajwa hapo juu anaweza kufanya mtihani wa barabarani. Akifaulu, anaweza kuendesha peke yake, lakini kwa miezi 12 ya mwanzo anabanwa na masharti mawili tutakayoyaeleza.

Hatua ya tatu ni leseni kamili. Masharti hayo mawili humalizika baada ya miezi 12, au siku kijana anapotimiza miaka 18, lolote litakalotangulia. Marufuku ya simu, ambayo pia tutaieleza, huendelea mpaka atimize miaka 18.

3. Masharti mawili ya mwaka wa kwanza

Sharti la kwanza: kijana haruhusiwi kuendesha kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri. Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Katika maandishi ya Kiingereza saa hizo zimeandikwa 11:00 p.m. na 5:00 a.m. Anayehesabu saa kwa Kiswahili ataona tarakimu zilezile mbili, 5 na 11, lakini zimebadilishana nafasi. Ni rahisi sana mzazi kusoma 5:00 na kudhani ni saa tano. Ziandikeni saa hizi nyumbani kwa namna zote mbili, mzibandike mahali panapoonekana.

Sharti la pili: kijana haruhusiwi kumpakia abiria yeyote aliye chini ya miaka 20. Mdogo wake wa kuzaliwa naye amo katika katazo hili, sawa na rafiki wa shuleni.

Masharti yote mawili huondoka iwapo ndani ya gari yumo mzazi, mlezi au mtu mwingine wa miaka 25 au zaidi mwenye leseni halali ya California. Mjomba wa miaka 23 hatoshi. Shangazi wa miaka 40 asiye na leseni naye hatoshi.

Kwa nini abiria vijana? Uchunguzi wa Taasisi ya Usalama Barabarani ya AAA uliotolewa mwaka 2012 uliangalia madereva wa miaka 16 na 17. Ulionyesha kuwa abiria mmoja wa chini ya miaka 21, pasipo mtu mzima garini, huongeza uwezekano wa dereva huyo kufa ajalini kwa asilimia 44. Abiria wawili huufanya kuwa mara mbili, na watatu au zaidi, mara nne. Lakini akikaa garini mtu wa miaka 35 au zaidi, uwezekano huo hupungua kwa asilimia 62. Gari ni lilelile na barabara ni ileile. Kinachobadilika ni nani ameketi ndani.

Zaidi ya hayo, dereva wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kutumia simu anapoendesha, hata ile isiyoshikwa mkononi, isipokuwa kupiga simu ya dharura. Na dereva wa chini ya miaka 21 akikutwa na kileo cha asilimia 0.01 tu mwilini, leseni yake husimamishwa kwa mwaka mmoja.

4. Barua ya ruhusa

Sheria inatambua kwamba maisha ya familia hayafuati saa za sheria. Pale ambapo hakuna usafiri mwingine wa kutosha na ni lazima kijana aendeshe, inakubali sababu nne: matibabu, shule, kazi, na haja ya mtu wa karibu wa familia. Kila sababu ina barua yake, nayo lazima kijana awe nayo anapoendesha. Ya matibabu hutiwa sahihi na daktari. Ya shule na mwalimu mkuu au mtu aliyeteuliwa naye. Ya kazi na mwajiri. Ya familia na mzazi au mlezi.

Tuchukue mfano. Si familia tunayoijua, lakini wasomaji wengi wataitambua. Mama anafanya usafi hospitalini, na zamu yake huisha saa tano na nusu usiku. Basi la mwisho limekwisha kupita. Hana leseni. Mwanawe, tumwite Baraka, ana miaka 16 na leseni ya masharti ya miezi miwili. Baraka ndiye dereva pekee nyumbani, na mdogo wake wa miaka 8 hawezi kuachwa peke yake.

Bila barua, Baraka anavunja masharti yote mawili: saa, na abiria wa chini ya miaka 20. Kuwapo kwa mama katika safari ya kurudi hakumsaidii, kwa kuwa mama hana leseni. Kwa barua, safari hiyo inaweza kuwa halali. Barua ya familia inatakiwa kueleza sababu na tarehe ambayo haja hiyo inatazamiwa kwisha. Yaweza kuwa hivi:

"Mimi ni mama mzazi wa Baraka. Zamu yangu ya kazi huisha saa 11:30 p.m., na baada ya saa hiyo hakuna basi. Ninamhitaji Baraka anichukue kazini na kunirudisha nyumbani, pamoja na mdogo wake ambaye hawezi kubaki peke yake. Haja hii inatazamiwa kwisha tarehe 30 Juni, nitakapohamia zamu ya mchana."

Chini huja jina, sahihi na tarehe. Ni vyema barua iandikwe kwa Kiingereza, ili askari aliyeisimamisha gari aisome palepale. Barua isiyo na tarehe ya mwisho ina upungufu. Na neno "familia" hapa ni finyu kuliko tunavyolitumia sisi: usidhani mtoto wa shangazi, au kijana wa jirani mnayemwita ndugu, anahesabiwa humo.

Lakini barua humwondolea Baraka kosa tu. Giza na usingizi haviondoi. Kwa hiyo, kabla hajakwenda peke yake kwa mara ya kwanza, sehemu ya zile saa 10 za usiku ifanyike katika barabara hiyohiyo ya hospitali, usiku uleule, na mtu mzima kando yake. Ajue taa ziko wapi, njia inapogawanyika, na mahali ambapo watembea kwa miguu hutokea gizani.

5. Saa hamsini zenye ukweli

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Kabla kijana hajapewa leseni ya masharti, mzazi hutia sahihi kuthibitisha kuwa saa 50 zimetimia. Hakuna ofisa anayekaa kiti cha nyuma akihesabu. DMV hulichukua neno la mzazi.

Masharti ya mwaka wa kwanza nayo yako hivyohivyo. Sheria ya California haimruhusu askari kusimamisha gari kwa kusudi la kuchunguza masharti haya peke yake. Akimsimamisha kijana kwa jambo jingine na kugundua kosa, atamwandikia. La sivyo, kijana atapita. Maana yake ni kwamba mlinzi wa sheria hii yumo nyumbani kwako. Tunaelewa jinsi jambo hili lilivyo zito kwa mzazi anayefanya kazi mbili, asiyejua kuendesha, na ambaye mwanawe ndiye anayemsomea barua za Kiingereza. Kijana huyo anaweza kumletea karatasi na kumwambia, "Mama, weka sahihi hapa," naye mama akaweka kwa sababu amezoea kumwamini. Hatulaumu imani hiyo. Tunasema tu kwamba saa 50 zilizoandikwa bila kuendeshwa hazimlindi mtoto hata kwa dakika moja.

Saa hizi zinawezekana. Miezi 6 ni wiki 26. Saa mbili kila wiki zinatosha, na mbili zinabaki. Hata mzazi asiye na leseni anaweza kuzisimamia kwa njia hii:

Kwanza, mtafute mtu mzima. Awe na miaka 25 au zaidi, awe na leseni halali ya California, na akae karibu na dereva kiasi cha kuweza kulidhibiti gari ikilazimu. Anaweza kuwa mjomba, jirani, au mzee wa kanisani au msikitini. Wawili ni bora kuliko mmoja, kwa kuwa mmoja huchoka.

Pili, weka daftari. Kila safari iandikwe tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, mchana au usiku, na jina la aliyesimamia. Msimamizi aandike kwa mkono wake. Mzazi asiyejua kuendesha anajua kuhesabu. Mwisho wa kila juma ajumlishe.

Tatu, panda kwa mpangilio. Anzeni katika maegesho matupu: kuwasha, kusimama, kurudi nyuma, kutazama vioo. Kisha mitaa ya makazi, kisha njia panda zenye taa, kisha barabara kuu za kasi wakati magari ni machache. Mvua ikinyesha, msiahirishe kila mara; nendeni polepole, karibu na nyumbani. Wakaao Bonde la Kati watenge somo la ukungu wa majira ya baridi, na somo lenyewe liwe hili: ukungu ukiwa mzito, safari inaweza kungoja.

Nne, msimamizi aseme kabla, si baada. "Kuna mtoto kwenye baiskeli upande wa kulia" ni somo. Kelele inayotolewa wakati breki zimekwisha kukanyagwa si somo.

6. Je, si afadhali kungoja miaka 18?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi, na si swali baya. Mwombaji aliyetimiza miaka 18 hadaiwi saa 50, hadaiwi miezi 6 ya kibali, wala hawekewi masharti ya mwaka wa kwanza. Ni njia fupi. Lakini ufupi wake ndio hatari yake.

Mwaka 2011 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti uliolinganisha majimbo ya Marekani. Palipokuwa na sheria kali zaidi za hatua kwa hatua, ajali zenye vifo za madereva wa miaka 16 zilikuwa pungufu kwa asilimia 26. Lakini za madereva wa miaka 18 zilikuwa zaidi kwa asilimia 12. Maelezo mojawapo yanayowezekana ni kwamba baadhi ya vijana huisubiri sheria ipite, kisha huingia barabarani wakiwa na leseni kamili na mikono mitupu.

Ushauri wetu: kungoja si kosa, na familia isiyo na gari au msimamizi haina haja ya kuona haya kwa kungoja. Lakini anayengoja asiache ngazi. Kijana aliyefika Marekani akiwa na miaka 17 na nusu, na hata mzazi anayepata leseni yake ya kwanza akiwa na miaka 45, wote ni madereva wapya. Saa 50, usiku 10, na miezi ya mwanzo bila gari lililojaa vijana vitawafaa vilevile, ingawa sheria haiwadai.

7. Unapotia sahihi

Sahihi ya mzazi kwenye ombi la kijana ina uzito wa fedha pia. Anayetia sahihi anakubali kubeba dhamana ya madhara ambayo kijana ataweza kuyasababisha akiendesha. Kwa hiyo fanya mambo matatu.

Mjulishe wakala wako wa bima kwamba kijana ameanza kuendesha, na uombe jibu kwa maandishi. Tangu tarehe 1 Januari 2025, kiwango cha chini cha bima katika California ni dola 30,000 kwa kuumia au kufa kwa mtu mmoja, dola 60,000 kwa zaidi ya mtu mmoja, na dola 15,000 kwa uharibifu wa mali. Ulizeni bei kwa makampuni zaidi ya moja.

Kabla ya kulipa shule ya udereva, hakikisha ina leseni ya DMV na kwamba mwalimu naye ana yake. Pata mkataba unaotaja bei yote, idadi ya saa za barabarani, na utaratibu wa kurudishiwa fedha. Shule inayokuahidi karatasi ya saa ambazo kijana hakuziendesha inakuuzia hatari.

Na ujue kwamba sahihi inaweza kuondolewa. Mzazi aliyeitia anaweza kuiandikia DMV wakati wowote, kabla kijana hajafikisha miaka 18, kuomba leseni hiyo ifutwe. Ni hatua nzito, lakini ni haki yako, na kijana naye aijue mapema.

Maswali ya kujipima

1. Binti yako ana leseni ya masharti ya miezi 5. Anataka kumpeleka shuleni rafiki yake wa miaka 17 saa mbili asubuhi. Inaruhusiwa? (Hapana. Saa ni halali, abiria si halali, na rafiki si mtu wa familia.)

2. Jirani yako wa miaka 30 ana leseni ya Arizona. Anaweza kusimamia mazoezi? (Hapana. Leseni iwe ya California.)

3. Daftari linaonyesha saa 44, zikiwemo 7 za usiku, na mtihani wa barabarani ni kesho. Utafanya nini?

Jibu la swali la tatu hatukuliandika. Ahirisheni mtihani au msiahirishe, uamuzi ni wenu na kalamu iko mkononi mwako. Sisi tungengoja wiki tatu.